Usimwoneshe Wakala Bili Yako: Kujikinga na Wauzaji wa Umeme wa Mlangoni Marekani

Akigonga mlango mtu mwenye fulana ya nembo na kitambulisho shingoni, akasema amekuja kwa ajili ya umeme na anaomba kuona bili yako, usimwoneshe. Ukisahau mengine yote yaliyoandikwa hapa, shika hilo. Bili ina namba ya akaunti yako, na katika majimbo mengi namba hiyo pamoja na jina lako humpa karibu kila anachohitaji kuuhamishia umeme wako kwa kampuni anayoifanyia kazi. Taa hazitazimika, hakuna fundi atakayekuja, mita itabaki ileile. Kitakachobadilika ni bei.

Mwongozo huu ni wa familia zinazosema Kiswahili katika majimbo ambako mwenye nyumba au mpangaji anaruhusiwa kuchagua anayemuuzia umeme: Ohio, Pennsylvania, Illinois, Maryland, Massachusetts, Connecticut, New York, New Jersey, Texas na mengine machache. Kama unaishi Louisville au Lexington (Kentucky), Nashville, Des Moines, Boise, Greensboro au Phoenix, mambo ni mepesi zaidi: huko nyumba za kawaida hazichagui muuzaji wa umeme. Anayekuja kukuambia atakubadilishia muuzaji ni mwongo, funga mlango. Hata ndani ya Texas, wakazi wa San Antonio na Austin wanauziwa umeme na shirika la mji wao, hawachagui.

Kampuni mbili kwenye bili moja

Aliyezoea TANESCO, Kenya Power, SNEL au REGIDESO amezoea shirika moja: ndilo lenye nguzo, ndilo lenye mita, ndilo linalokuuzia uniti. Kwa hiyo mtu akija akitaja umeme, tunamchukulia moja kwa moja kuwa ni mtu wa shirika. Wakala wa mlangoni anaishi kwa dhana hiyo.

Marekani, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, majimbo kadhaa yalizitenganisha kazi hizo mbili. Pennsylvania ilipitisha sheria yake mwaka 1996, Massachusetts 1997, Ohio na Texas 1999. Kampuni ya nyaya (AEP Ohio, PECO, ComEd, BGE, Eversource na kadhalika) inabaki na nguzo, transfoma na mita, na ndiyo inayokuja umeme ukikatika. Umeme wenyewe, zile uniti ambazo kwenye bili zimeandikwa kWh, unaweza kuuziwa na kampuni nyingine. Usipochagua yeyote, kampuni ya nyaya inakununulia umeme kwa bei inayosimamiwa na tume ya jimbo, kwa kawaida kupitia mnada, na inakuuzia bila kuongeza faida juu ya bei hiyo. Huduma hiyo ina majina tofauti kila jimbo: Standard Service Offer, Basic Service, Default Service. Hapa tutaiita huduma ya kawaida. Haina mkataba wala faini ya kutoka, na hakuna hali mbaya utakayoipata kwa kubaki nayo. Texas peke yake ndiyo tofauti, tutaifikia.

Kampuni nyingine, tutakayoiita muuzaji, haina nyaya wala haina mafundi. Inanunua umeme soko la jumla na kukuuzia rejareja. Wako wauzaji wanaofanya biashara halali kwa bei nzuri. Shida ni wale wanaotegemea mawakala wanaolipwa kwa kila mteja waliyemsajili, na wanaolenga mitaa ya wageni, wazee na wenye kipato kidogo. Mwaka 2018 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts, wakati huo Maura Healey, ilitoa hesabu ya miaka miwili, kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2017: kaya za jimbo hilo zilizokuwa na wauzaji binafsi zililipa dola milioni 176.8 zaidi ya ambazo zingelipa kama zingebaki na huduma ya kawaida. Kaya za kipato cha chini ndizo zilizokuwa zimejiunga kwa wingi zaidi na ndizo zilizotozwa bei kubwa zaidi.

Jambo moja linalowashangaza wengi: katika majimbo mengi pesa ya muuzaji inatozwa ndani ya bili ileile ya kampuni ya nyaya, na kampuni ya nyaya humlipa muuzaji kisha inakudai wewe. Maana yake, muuzaji hana hofu kwamba utashindwa kulipa. Ukishindwa, utakayekatiwa umeme ni wewe, hata kama deni lote limetokana na bei ya muuzaji ambaye hukumbuki kumkubali.

Jifunze mstari mmoja wa bili

Chukua bili ya mwezi huu, ile kamili yenye kurasa zote. Ukipokea kwa simu au barua pepe, fungua faili lenyewe, usiangalie tu kiasi cha kulipa. Tafuta vitu vinne:

1. Sehemu ya Delivery au Distribution. Hii ni pesa ya nyaya. Haibadiliki hata ukihama kwa muuzaji yeyote.
2. Sehemu ya Supply au Generation. Hii ndiyo pesa ya umeme wenyewe. Angalia jina la kampuni lililoandikwa hapo. Likiwa la kampuni yako ya nyaya, uko kwenye huduma ya kawaida. Likiwa jina usilolijua, umeshahamishwa.
3. Bei ya uniti moja katika sehemu hiyo ya pili. Isipoandikwa, gawanya jumla ya pesa ya Supply kwa idadi ya kWh.
4. Maneno Price to Compare, yaani bei ya kulinganisha. Hiyo ndiyo bei ambayo ungelipa kwa kampuni ya nyaya. Ohio, Pennsylvania na Illinois huichapisha kwenye bili.

Sasa linganisha namba ya tatu na ya nne. Tuseme bei ya kulinganisha ni senti 9.8, muuzaji anakutoza senti 16.4, na nyumba ilitumia uniti 900. Tofauti ni senti 6.6 kwa uniti, sawa na $59.40 kwa mwezi mmoja. Kwa mwaka ni $712.80, kwa umeme uleule, waya uleule.

Angalia jina na bei hizo kila mwezi, si mara moja. Bei ya kulinganisha yenyewe hubadilika kwa tarehe zinazojulikana: Pennsylvania ni Juni 1 na Desemba 1, Connecticut Januari 1 na Julai 1, Ohio mabadiliko makubwa huwa Juni. Mawakala huzijua tarehe hizi kuliko wateja. Wiki chache kabla ya bei kupanda utasikia "kampuni yako inapandisha bei, jifungie sasa". Huenda ni kweli inapanda. Lakini swali ni inapanda hadi senti ngapi, na hizo senti zake yeye ni ngapi na kwa miezi mingapi. Anayekwepa kutaja senti kwa uniti hana bei nzuri ya kukupa.

Jinsi bei nzuri inavyogeuka

Mtego wa kawaida kuliko yote ni bei ya kuanzia. Unaahidiwa senti 7.9, chini kabisa ya 9.8 ya kampuni ya nyaya. Ni kweli utalipa hiyo, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo mkataba unasema bei "itabadilika kulingana na soko", na soko hilo anayelitafsiri ni muuzaji mwenyewe. Ikipanda hadi 17.9, hesabu ya mwaka kwa uniti 900 inakuwa hivi: miezi mitatu ya kwanza umeokoa $51.30, miezi tisa inayofuata umepoteza $656.10. Kadi ya zawadi ya dola 50 waliyokupa mlangoni haifikii hata hasara ya mwezi mmoja wa hiyo tisa, ambayo ni $72.90.

Wa pili ni mkataba unaojirefusha wenyewe. Umesaini bei moja isiyobadilika kwa miezi 12, ukafaidi. Siku chache kabla ya mwisho inakuja barua ya Kiingereza yenye sura ya tangazo, unaitupa, na mwezi wa 13 umeingizwa kwenye bei inayobadilika. Hapa hakuna aliyekudanganya kwa sheria za majimbo mengi, ndiyo maana tarehe ya mwisho ya mkataba iandikwe kwenye kalenda ya simu, ikukumbushe siku 45 kabla.

Wa tatu ni ada ya mwezi. Bei ya uniti ni senti 9.2, inapendeza, lakini kuna $9.95 kila mwezi chini kabisa ya ukurasa. Kwa familia kubwa inayotumia uniti 900 ada hiyo ni kama kuongeza senti 1.1. Kwa anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja na kutumia uniti 400, ni senti 2.5, na bei yake halisi inakuwa 11.7. Kwa hiyo bei iliyomfaa jirani inaweza kukuumiza wewe.

Neno "punguzo la asilimia 20" nalo lichunguzwe. Asilimia 20 ya nini? Muuzaji hawezi kugusa pesa ya nyaya, kwa hiyo punguzo lolote ni la sehemu ya Supply tu, na mara nyingi linapimwa dhidi ya bei yake mwenyewe. Vivyo hivyo "umeme wa kijani". Mwenye kuutaka aununue, ni haki yake, ila ajue kwamba umeme unaoingia nyumbani unatoka kwenye gridi ileile. Anachonunua ni vyeti vya uzalishaji, na vyeti hivyo havielezi kwa nini bei iwe mara mbili.

Majimbo kadhaa yameanza kuziba mianya hii. Connecticut ilipiga marufuku bei inayobadilika kwa kaya tangu Oktoba 2015. New York, kwa amri ya Desemba 2019, inawataka wauzaji wahakikishe mteja analipa chini ya kampuni ya nyaya, au watoe bei isiyobadilika yenye ukomo, au umeme wa kijani wa kiwango kilichowekwa. Illinois, kwa sheria iliyoanza Januari 2020, imeondoa faini za kuvunja mkataba kwa kaya. Maryland ilipitisha mwaka 2024 sheria inayoweka ukomo wa bei na wa muda wa mkataba. Sheria hizi zimesaidia sana, lakini wakala anayegonga mlango wako hatakusomea.

Mlangoni

Hulazimiki kufungua. Zungumza mlango ukiwa umefungwa, au usijibu kabisa. Kama umefungua, jua kwamba mtu wa kweli wa kampuni ya nyaya hahitaji kuona bili yako, kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyoichapisha na namba yako anayo. Mwambie hilo na umtazame atakavyojibu.

Maneno yanayotosha kwa Kiingereza ni haya: "No, thank you. I am not changing my supplier. Please leave." Usijieleze. Ukisema "mume wangu hayupo" au "sina Kiingereza kizuri" umempa sababu ya kurudi kesho au ya kukusaidia kujaza fomu. Wakala anaweza kukuambia kuwa majirani wote wameshajiunga, kwamba ni mpango wa serikali, kwamba usiposaini hutapata msaada wa bili, au kwamba anataka tu "kuhakikisha" kuwa unapata punguzo lako. Mipango ya msaada wa bili (HEAP, LIHEAP, PIPP) haiandikishwi mlangoni na muuzaji wa umeme. Inapitia ofisi za huduma za jamii.

Watoto wasitafsiri mazungumzo haya. Katika nyumba nyingi mtoto wa miaka 13 ndiye anayejua Kiingereza kuliko wote, na wakala analijua hilo. Anamwinamia mtoto, anamweleza kwa upole, kisha anampa tableti na kumwonesha mahali pa kuweka kidole. Mtoto anaona amewasaidia wazazi. Waambieni watoto mapema, wakiwa wametulia, si siku ya tukio: mtu wa umeme akija, mnasema "no, thank you" na mnafunga, na hakuna anayeandika jina wala kugusa tableti. Wageni wanaolala kwenu nao waambiwe hivyohivyo.

Mchezo huohuo unafanyika kwenye meza za maduka makubwa, sokoni, na nje ya majengo ya ibada siku za sikukuu. Anauliza tu, "unalipa kiasi gani umeme?" Ukifungua programu ya bili kwenye simu ili umwoneshe, namba yako imeonekana, na picha hupigwa kwa sekunde moja.

Simu ya uthibitisho

Mahali panapoamua kila kitu ni hapa, na ndipo watu wengi wanapoteleza. Baada ya fomu, wakala anapiga namba na kukupa simu. Upande wa pili kuna mtu au sauti iliyorekodiwa ya kampuni ya uthibitisho, na mazungumzo yanarekodiwa. Wakala anakunong'oneza kabla: "Watakuuliza maswali, wewe sema yes tu kila mara."

Maswali yenyewe yanakwenda haraka. Je, wewe ni mwenye akaunti au una mamlaka juu yake? Yes. Je, unaelewa kuwa unachagua kampuni fulani kuwa muuzaji wako na kwamba kampuni hiyo si kampuni yako ya nyaya? Yes. Je, unaelewa kuwa bei baada ya kipindi cha kwanza inaweza kupanda? Yes. Je, umepewa nakala ya mkataba? Yes. Dakika mbili, na kila "yes" ni ushahidi dhidi yako. Siku utakapolalamika, muuzaji atatoa rekodi hii kwanza.

Ukijikuta tayari umeshika simu, bado hujafungwa. Sema wazi: "No. I do not want to switch." Kisha kata. "No" moja kwenye rekodi huharibu usajili mzima. Ohio inamtaka wakala wa mlangoni aondoke kwenye eneo la nyumba kabla ya uthibitisho kufanyika, kwa hiyo aliyesimama kando yako akikuelekeza majibu amekwisha vunja kanuni. Pennsylvania inamtaka wakala anayeona mteja haelewi Kiingereza vizuri amtafute mwenzake anayejua lugha ya mteja au akomeshe mazungumzo. Ukilalamika, taja mambo haya mawili kama yalitokea.

Ukiwa umeshasaini: siku zinahesabika

Siku chache baada ya kusajiliwa, kampuni yako ya nyaya hukutumia barua ikisema imepokea ombi la kukuhamisha. Ina nembo ya kampuni unayoijua, kwa hiyo watu hudhani ni tangazo au bili ndogo na kuiweka pembeni. Ifungue siku ileile. Ohio inakupa siku 7 za kalenda tangu barua hiyo ilipopigwa muhuri wa posta kughairi bila gharama. Pennsylvania ni siku 3 za kazi baada ya kupokea maelezo ya mkataba. Juu ya hayo kuna kanuni ya shirikisho kwa mauzo ya nyumbani ya kuanzia dola 25, inayompa mnunuzi hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi, na inayotaka mkataba na fomu ya kughairi viwe katika lugha iliyotumika kwenye mauzo.

Piga simu kampuni ya nyaya, kwa namba iliyo kwenye bili yako ya zamani, si namba aliyoacha wakala. Anza na "Swahili interpreter, please". Kampuni nyingi kubwa na tume za majimbo zina wakalimani wa simu, bure. Halafu sema: "I did not agree to this switch. Please cancel it." Andika tarehe, saa, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu. Kisha mpigie na muuzaji umwambie hivyohivyo.

Ukiwa umekaa nao miezi

Hapa usikimbilie simu kabla ya kujua mambo matatu: bei yako ni inayobadilika au isiyobadilika, mkataba unaisha lini, na faini ya kutoka ni kiasi gani. Hayo yako kwenye mkataba, na kama huna nakala, mwombe muuzaji akutumie. Bei inayobadilika kwa kawaida haina faini, ondoka leo. Ikiwa isiyobadilika na faini ipo, piga hesabu. Kwa mfano wetu wa $59.40 kwa mwezi, ukibakiwa na miezi 7 utapoteza $415.80. Faini ya dola 100 ni nafuu mara nne. Ukibakiwa na mwezi mmoja, subiri, lakini toa taarifa sasa kwamba hutaki kurefushwa.

Simu ya kuondoka ina hatari yake. Atakayepokea amefunzwa kukubakiza, atakupa "bei mpya ya mteja mwema", na kukubali kwako kunarekodiwa kama mkataba mpya. Rudia sentensi moja tu hadi akupe namba ya uthibitisho: "Cancel my contract and return me to the utility's default service." Siku inayofuata piga kampuni ya nyaya uhakikishe ombi limefika.

Mabadiliko mara nyingi huanzia siku mita inaposomwa, si siku uliyopiga simu. Pennsylvania imeharakisha hadi siku 3 za kazi, kwingine unaweza kuona bili moja au mbili zaidi zenye jina la muuzaji. Usizikatae kulipa, kwa sababu atakayekatiwa ni wewe. Lipa, kisha dai urejeshewe.

Wanaopata msaada wa bili wana ulinzi zaidi. Ohio, mteja wa PIPP haruhusiwi kusajiliwa na muuzaji mmoja mmoja. Kama uko PIPP na bili ina jina la muuzaji uliyeandikishwa mlangoni, kuna kosa, lalamika mara moja. New York na Illinois zinawazuia wauzaji kuchukua wateja wanaopata msaada isipokuwa kwa mpango ulioidhinishwa wa kuokoa pesa, na Maryland inataka bei yao isizidi ile ya huduma ya kawaida.

Texas ni habari nyingine

Katika sehemu kubwa ya Texas, ikiwemo Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene, hakuna huduma ya kawaida ya kurudia. Lazima uchague, kwa hiyo ushauri wa "baki ulipo" haufai. Tumia powertochoose.org, tovuti ya tume ya jimbo, na kabla ya kusaini soma karatasi iitwayo Electricity Facts Label. Inaonesha bei ya wastani kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Usivutwe na namba ya 1,000 peke yake. Mipango mingi ina zawadi ya dola 100 ukifikisha uniti 1,000. Kwa umeme wa senti 15, tukiacha gharama za nyaya, mwezi wa uniti 1,000 utalipa $50. Mwezi wa uniti 990 utalipa $148.50. Uniti kumi tu zimekugharimu karibu dola mia. Chagua mpango ambao bei yake ya 500 na ya 2,000 zinakaribiana.

Ukihama muuzaji una siku 3 za kazi za kughairi, lakini haki hiyo haipo pale unapofungua umeme nyumba mpya. Ukihama makazi, faini ya kutoka haikuhusu ukitoa uthibitisho. Na kuanzia siku 14 kabla ya mkataba kuisha unaweza kwenda kwingine bila faini. Mipango inayofuata soko la jumla haiuzwi tena kwa kaya. Bunge la Texas liliizuia mwaka 2021, baada ya baridi kali ya Februari kupandisha bei ya jumla hadi dola 9 kwa uniti moja na watu kupata bili za maelfu.

Barua ya mji si wakala

Usichanganye wakala na barua ya mji wako. Ohio, Massachusetts, Illinois na New York miji inaweza kuwanunulia wakazi wake umeme kwa pamoja. Columbus, kwa mfano, wapiga kura waliuidhinisha mpango huo Novemba 2020. Barua huja na jina la mji, na usipojibu unaingizwa. Ohio inakupa siku 21 za kukataa. Mara nyingine bei ni nzuri, mara nyingine unapewa umeme wa kijani usioutaka. Pima kwa senti dhidi ya bei ya kulinganisha, na ukitilia shaka piga simu ofisi ya mji kabla ya kujibu.

Lalamika, na udai tofauti

Malalamiko yanaleta pesa. Tume zimewahi kuwafutia wauzaji leseni na kuwalazimisha kurudisha tofauti, lakini zinafanya hivyo pale malalamiko yanapokuwa mengi na yameandikwa vizuri. Namba ni hizi: Ohio 1-800-686-7826, Pennsylvania 1-800-692-7380, Illinois 1-800-524-0795, Maryland 1-800-492-0474, New York 1-800-342-3377, Texas 1-888-782-8477. Massachusetts, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, 617-727-8400.

Kwenye malalamiko andika: tarehe na saa wakala alipokuja, alijitambulisha vipi, alisema nini hasa kuhusu bei, mazungumzo yalikuwa kwa lugha gani, nani alishika simu ya uthibitisho na ana umri gani. Ambatisha bili za kabla na baada. Dai vitu vitatu kwa majina: nakala ya mkataba uliosainiwa, rekodi ya simu ya uthibitisho, na marejesho ya tofauti kati ya bei ya muuzaji na bei ya kulinganisha kwa miezi yote. Piga hesabu mwenyewe na uandike jumla. Ukisema tu "wanirudishie", watakurudishia wanachotaka.

Siku hiyohiyo iombe kampuni ya nyaya ikuondoe kwenye orodha ya wateja wanayowapa wauzaji. Ohio na Pennsylvania orodha hiyo ipo, na jina lako limo hadi uombe litolewe. New York unaweza kuomba akaunti iwekewe kizuizi, ili mtu yeyote asiihamishe bila wewe kukiondoa, na kwingine haigharimu kitu kuuliza kama kizuizi hicho kipo. Kwa simu za matangazo, jiandikishe 1-888-382-1222 ukitumia simu ileile unayotaka izuiliwe. Kisha bili mbili zinazofuata zifungue hadi ukurasa wa Supply, uhakikishe jina lililoandikwa hapo ni la kampuni yako ya nyaya.